Kiwanda C

Timişoara,
Jumatano, 19 Novemba

Mpendwa Kaka Sabin,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Lidia na mwanenu Matei. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba baridi ya huko Castellón bado ni ya koti jepesi. Mimi kwa mwili ni mzima. Usishangae kupata barua ya karatasi. Simu niliyokuwa nikitumia ilikuwa ya kampuni, na jana nimeirudisha. Ningeweza kuazima ya mtu, lakini haya nisingeyamaliza kwa mdomo. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na uisome kabla hujarudisha funguo za nyumba mnayopanga huko.

Unajua nilivyokuwa nikiishi hapa. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa uanagenzi: Jumatatu hadi Jumatano niko idara ya fedha, Alhamisi na Ijumaa niko chuoni, na kampuni inanilipia ada. Wanagenzi tuko wawili, mimi na Teofil, kijana wa Arad ambaye hawezi kupita mtu bila kumchokoza. Anayetusimamia ni Bi Zamfira, mama wa miaka hamsini na ushei, mkali kwenye hesabu na mpole kwenye mengine yote. Nilipougua mwaka jana aliniletea supu hadi bwenini, akasimama mlangoni mpaka nikaimaliza.

Mwezi wa tisa aliniita akanikabidhi kazi. Viwanda vitatu vya nyaya za magari, A, B na C, bila majina wala miji. Swali lilikuwa moja: kikifungwa kimoja, kipi kitaiumiza kampuni kidogo zaidi? Kulikuwa na orodha za wafanyakazi, nazo hazikuwa na majina, ila namba, umri, tarehe ya kuajiriwa, idara na nafasi ya maelezo. Nilimwuliza kama vile ni viwanda vya kweli. Akanijibu nifanye kama mtihani. Sikuuliza mara ya pili. Mhadhiri wangu naye alikubali mbinu nitakayotumia ihesabiwe kama kazi yangu ya mwaka, basi nikashikilia kwamba hili ni zoezi.

Kaka, niliipenda kazi ile. Wiki sita sikuwa na jingine kichwani. Teofil alikuwa akinipita mezani na kusema, "Ninyi wawili, wewe na jedwali lako, fungeni ndoa tu tule pilau." Jibu lilipotoka, lilitoka safi: Kiwanda C. Niliandika hata nani watangulie kuondoka. Mafundi wa karakana ya mitambo, kwa kuwa mashine ndizo zitakazouzwa mwanzo. Chuoni nilipata kumi kwa kumi. Tulinunua keki tukaila kwa vijiko, na Bi Zamfira alipiga makofi.

Jumatano iliyopita akaniambia nivae vizuri, wakubwa wanataka kunisikia mwenyewe. Niliingia kwenye chumba cha juu nikakuta watu tisa. Nilieleza nusu saa. Mkurugenzi aliniuliza kwa nini karakana kwanza, nikajibu bila kugugumia. Mzee mmoja mwenye miwani akamwinamia mwenzake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Binti huyu ana moyo wa chuma. Atafika mbali." Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha mkurugenzi akasema sasa tuviite vitu kwa majina yake. Akabonyeza kitu, na pale skrini ilipokuwa imeandikwa Kiwanda C pakaja jina la kwetu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Picha ilikuwa na lango lile la kijani, na nyuma yake mnara wa maji tuliokuwa tukiupanda wewe na mimi. Masikio yangu yaliziba kama ya mtu aliyezama. Mkutano ukaisha, wakanipa mkono mmoja mmoja.

Nilirudi mezani nikafungua orodha. Karakana, waliozidi hamsini na tano. Nilimwona Baba mara moja. Namba 417, miaka hamsini na minane, ameajiriwa Septemba 1990, na kwenye maelezo: amepoteza vidole viwili, mkono wa kushoto. Mstari ule nilikuwa nimeupita mara mia. Nilikuwa nimeupaka rangi ya manjano kwa mkono wangu, maana yake kundi la kwanza. Sikuwahi kujiuliza vidole vya nani.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Baba alinipokea barabarani huku akipaza sauti majirani wasikie, "Mkurugenzi amefika! Mfungulieni mlango, asije akatukata mshahara!" Mama alikuwa amepika sarmale, zile nyama za kuviringisha kwa kabichi, chungu kizima. Baba akaniambia amezungumza na mkuu wa karakana, nafasi yako ya kazi mkirudi iko tayari, Januari unaanza kando yake, na Matei atasoma shule tuliyosoma sisi. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu uondoke. Nilikula sahani mbili kwa sababu sikujua mdomo wangu niufanyie nini kingine.

Nilimwambia Jumapili, kituo cha basi, aliponisindikiza. Nilimwambia kiwanda kitafungwa Machi, na kwamba jedwali lililochagua ni langu. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Kisha akauliza hesabu nilipiga mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ziko sawa?" Kaka, nilikuwa nimezipitia siku tatu nikitafuta kosa, hata dogo, ili nipate pa kushikia. Sikuliona. Nikamwambia ziko sawa, Baba. Akatikisa kichwa taratibu, akanifunga kifungo cha juu cha koti kama zamani, akasema, "Haya panda, basi litakuacha." Nilipogeuka dirishani alikuwa bado amesimama upande ule ule, anatazama mahali nilipokuwa nimesimama.

Jumatatu aliingia zamu kama kawaida. Saa ya chai akapanda juu ya kreti akawaambia wenzake wote. Kufikia mchana chama cha wafanyakazi kilikuwa kimepiga simu makao makuu. Jana Bi Zamfira alituita mimi na Teofil, uso umemwishia damu. Wakubwa walikuwa wanamshuku Teofil, kwa kuwa ndiye aliyetoa nakala za mkutano. Nikasema ni mimi, na kwamba kile ni kiwanda cha baba yangu. Alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kwetu ni pale. Nikamjibu kwamba naye hakuniambia pale ni wapi. Nilikuwa nimetia saini karatasi ya kutunza siri, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili, nikafukuzwa. Nikaacha simu, kadi na kompyuta. Ada ya muhula ujao sijui itatoka wapi. Kiwanda kitafungwa vilevile, ila wamekubali kukaa na chama wazungumzie viinua mgongo upya.

Sasa, Kaka, kuna jambo ambalo Baba hajui, na wewe ndiye wa kwanza. Hapo juu nimekuandikia kwamba jina lilitokea, mkutano ukaisha. Haukuisha. Jina lilipotokea, yalikuwa yamebaki maelezo ya dakika kumi. Wote tisa walinigeukia, wakasubiri. Nami niliendelea. Nilieleza mashine zitauzwaje, karakana itafungwa wiki gani, watu wangapi kila Ijumaa, na sauti haikunitetemeka hata mara moja. Niliona lango letu, nikajua ni letu, nikamaliza vizuri. Mkurugenzi akaniambia kazi ya kudumu ipo nikihitimu, na nikasema asante. Kwa pumzi mbili hivi, nilifurahi. Hilo ndilo linalonishtua hadi leo, kuliko orodha, kuliko vidole. Sikujua kwamba naweza.

Uamuzi wa kurudi ni wako na Lidia. Ukija, uje kwa ajili ya wazee, usije kwa ajili ya kazi ile, kwa sababu haipo. Baba mpigie wewe. Mimi simu zangu hazipokei tangu Jumapili, na Mama anasema yuko karakana anapaka mashine mafuta, moja baada ya moja.

Nisalimie Lidia, umbusu Matei kwa niaba yangu. Nawaombea afya na wepesi katika kila mtakaloamua. Ukinijibu, chonde usiniambie kwamba hata ningenyamaza mle chumbani mambo yangekuwa yale yale. Teofil ameshaniambia. Ni kweli, na hainisaidii.

Ni mimi mdogo wako,
Ilinca