Gari la Moshi Halingoji Basi la Tarime

Jumatatu, 11 Machi 1957
Kisumu. Tumechelewa tena! Tulikuwa bado tunaingia mjini nilipolisikia gari la moshi likipiga filimbi. Moja, ndefu. Abiria wa reli kumi na wanane wakasimama wote ndani ya basi, kana kwamba kusimama kungelisaidia basi kukimbia.
Tumefika stesheni — hakuna kitu. Moshi tu. Gari lingine mpaka keshokutwa.
Yupo mama mmoja, Teresia, wa Nyansurura. Alivuka mto Mara kwa miguu, akalala njiani, ndipo akatupata Tarime. Ana binti wa miaka minane, Mokami, macho yote mawili yamevimba. Ana barua ya daktari wa misheni: Nairobi, daktari wa macho, kesho Jumanne. Daktari huyo huona wagonjwa Jumanne tu.
Akaniuliza, bila kupandisha sauti: Kondakta, ulipotukatia tiketi ulijua hatutalikuta?
Nikamjibu njia ni mbovu, mama.
Uongo. Nilijua. Tangu mwaka uanze tumeliwahi mara mbili tu.

Jumanne, 12 Machi
Tumerudi Tarime. Nimekwenda moja kwa moja kwa mjomba Waitara, mwenye basi. Nikamwamkia, nikamweleza. Alikuwa ananyoa ndevu, hakugeuka.
Akasema basi lake ni la watu wa soko. Kuku, ndizi, mtama. Wa reli wametoka wapi? Reli ajenge Mzungu, halafu yeye akimbizane nayo?
Nikamwambia nusu ya abiria siku hizi ni wa reli, mjomba.
Akasema, Athanas, kazi yako ni mlango.
Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nikaenda kufagia basi.

Ijumaa, 15 Machi
Leo nimechukua saa na penseli. Kila tuliposimama nimeandika. Sirari, dakika arobaini — dereva Kornelio anakula kwa mke wake mdogo, Agustina. Migori, ishirini. Kisii, saa nzima na dakika kumi! Kupakia ndizi juu ya keria. Jumla saa mbili na dakika kumi, basi limesimama tu.
Leo tumelikosa kwa dakika hamsini.
Kwa hiyo si njia. Ni sisi.
Kornelio aliniona naandika. Akauliza, mura, yaani kijana, unaniandikia kesi? Nikasema naandika saa tu. Hakunisemesha tena mpaka Kisumu. Watu wakishuka akaniambia polepole: mtu anayehesabu matonge ya mwenzake ana roho mbaya.

Jumapili, 24 Machi
Baada ya ibada, nyuma ya kanisa. Wamekuja wafanyakazi wa mbali walio likizo. Simioni wa Nyanungu ndiye mkali kuliko wote. Mwaka jana alichelewa kazini siku mbili, karakana ya Nakuru, akakuta mtu mwingine ameshika nyundo yake. Alikaa miezi mitano bila kazi.
Wakaniomba niandike barua kwa mwenye basi. Liondoke saa kumi na mbili badala ya saa moja, na siku za reli lisipakie ndizi. Nikaandika. Watu thelathini na wanne wakaweka dole gumba, wino umeniishia.
Jina langu sikuliweka. Mwoga!

Jumamosi, 30 Machi
Sijui niandike vipi.
Teresia alikuwa anatungoja stendi ya Kisumu leo, anarudi. Mokami ana kitambaa upande wa kushoto. Jicho la kulia linaona, linaona vizuri, alinisomea namba ya basi. La kushoto wamelitoa.
Nikamuuliza mama yake, ni kwa sababu mlichelewa? Ile wiki?
Akafikiri. Akasema, daktari hakusema ndiyo. Wala hakusema hapana. Mimi mwenyewe sijui, mwanangu, na wewe hutajua.
Nimewapa kiti cha mbele. Njia nzima sikuweza kugeuka nyuma. Mtoto alikuwa akitaja kila kinachopita: ng'ombe, baiskeli, kanisa, ng'ombe tena.

Jumapili, 31 Machi
Mjomba ameniita. Barua ilikuwa mezani, ameikunja mara nne. Akasema mwandiko huu naujua, ni mimi niliyekupeleka shule kuujifunza.
Nikasema ndiyo, ni wangu. Nikamweleza habari ya Mokami. Yote, hata ule uongo wangu kwa mama yake.
Akaikunjua barua, akaikunja tena. Mke wake, mama Waisiko, alikuwa mlangoni na ungo wa mtama, ameacha kupepeta.
Halafu akasema: Ijumaa. Safari moja. Ukilikosa hilo gari la moshi, usirudi kwenye basi langu. Utafute kwingine.
Mama Waisiko akaanza tena kupepeta. Nikatoka.

Ijumaa, 5 Aprili
Naandika Kisumu, matope mpaka kwenye kitabu.
Saa kumi na mbili kamili tuliondoka. Mvua. Watu ishirini na sita, wote wa reli isipokuwa wawili.
Sirari nikasema dakika tano. Kornelio akazima injini, akatia ufunguo mfukoni, akaingia kwa Agustina. Kumi. Kumi na tano. Simioni akashuka, ameshika fimbo. Nikamshika mkono, nikamwambia kaa, tafadhali kaa. Nikaenda mwenyewe.
Kornelio alikuwa ananawa taratibu, kidole kimoja kimoja. Nikamwambia twende. Akasema mimi si mtoto wa kuamrishwa na kondakta. Nikamwambia watu wanangoja. Akasema wangoje, wamezoea.
Basi Agustina — sikutegemea kabisa — akaufunga ule ugali na nyama kwenye jani la mgomba, akamtia mkononi. "Utakula unakwenda! Kaka yangu naye hupanda gari hilohilo. Toka!" Akamsukuma mlangoni kweli, na mikono yenye unga.
Kornelio akatoka. Hakuniangalia. Lakini aliendesha! Mbele ya Kisii lori limekwama katikati ya njia. Wote wakashuka, wanaume kwa wanawake, viatu mkononi, wakalisukuma mpaka likatoka. Kisii wenye ndizi walisimama njiani wanatutukana. Hatukusimama.
Saa kumi na dakika ishirini, stesheni ya Kisumu. Gari la moshi lipo! Limelala tu pale linatoa mvuke. Simioni alilipiga ubavu kwa kiganja kama mtu anayempiga fahali wake. Wengine walicheka, mama mmoja alilia.
Kornelio alikuja akasimama karibu yangu. Akanimegea ugali uliobaki. Ulikuwa baridi. Tumeula wote.

Jumatatu, 8 Aprili
Tarime, stendi. Nimejifungia ndani ya basi, naandika haraka.
Habari kwamba tuliliwahi gari la moshi imekimbia kuliko mimi. Nimefika hapa saa kumi na moja na nusu, nimekuta umati. Watu wa Mbalibali, Nyanungu, Nyansurura, wengine sijui wametoka wapi. Nimehesabu mara mbili: arobaini na wanne. Kibali cha basi ni watu thelathini, na Sirari askari huhesabu vichwa.
Thelathini nimewapa viti vyao kwa jinsi walivyofika. Hapana — ishirini na watano tu. Viti vya nyuma vimejaa magunia ya mtama ya mjomba, ya soko la Migori, yalipakiwa jana.
Nje wapo kumi na tisa. Mniko, kijana wa kazi ya chai, karatasi yake ya kazi inaisha kesho. Mzee amepata simu ya maandishi kuwa mwanawe mahututi. Msichana wa uuguzi na sanduku jipya. Kila mmoja ananionyesha karatasi. Kila karatasi ni ya kweli. Nimewaambia gari lingine Jumatano, na nimemwona yule mzee akikaa chini matopeni.
Mjomba amekuja. Sikujua kama angekuja. Nikamwambia, mjomba, nifanyeje? Akasema, wewe ndiye uliyewaita hawa. Chagua.
Sasa hivi namwona dirishani. Amevua koti, amempa Kornelio alishike. Amepanda kwa mlango wa nyuma. Anashusha magunia — yeye mwenyewe, mzee mzima! La kwanza. La pili.
Hayo yakitoka ni viti vitano. Watabaki kumi na wanne.
Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu. Kornelio amewasha injini. Wamesogea mpaka mlangoni, karatasi zimebandikwa kwenye kioo, siwezi hata kuwaona nyuso.
Nafungua mlango, nichague watano.