Kadi ya Mbaazi

Ladywood, Birmingham
Julai

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo yangu iwahi kabla ya maneno mengine. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na sufuria yako ya mbaazi za kuuza bado inamalizika kabla jua halijapanda. Sisi hatujambo, ila mvua ya huku haina adabu, hata kiangazi inapiga hodi. Mkweo Suhail anakuamkia. Barua nimempa Ameir mkononi, maana anakuja huko, kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Tafadhali isome peke yako, na mlango uurudishe.

Umelalamika kwamba picha ninazokutumia ni za uso tu, kama za pasi. Subira, mama, nitafika huko.

Suhail alipunguziwa kazi mwezi wa Machi, sasa anakwenda siku tatu tu kwa wiki. Kwa hali hiyo serikali imenipa kadi. Ukiiona utadhani ya benki, lakini hununui nayo kanga wala manukato; ni ya maziwa, matunda, mboga na vitu jamii ya kunde. Mbaazi zimo! Nilicheka peke yangu. Mimi niliyeapa kutozila tena baada ya kulelewa nazo, sasa hivi naziota.

Maduka ya hapa Ladywood yamejaa wenzetu, na unawajua wanawake wa kwetu kwa kuchungulia kapu la mtu. Kwa hiyo nikawa napanda basi mpaka Hodge Hill, kwenye duka la Gurnam, Singasinga mtu mzima mwenye sauti ya mnadani. Ijumaa moja nimeweka maziwa na makopo manne ya mbaazi, nikatoa kadi. Akaitazama, akafurahi, akaniuliza duka zima likisikia mtoto anatarajiwa lini.

Naam, mama. Kadi hii nimepewa kwa kuwa ni mjamzito. Nina miezi sita. Wale wawili waliotangulia nilikwambia mapema, tukafurahi, kisha tukalia pamoja kwenye simu. Safari hii nilisema nifunge mdomo mpaka nimpakate. Si wewe uliyenifunza kwamba mimba haitangazwi?

Kumbe nyuma yangu kwenye foleni amesimama Zainab, dada yake Ameir. Nikababaika. Nikamwambia Gurnam kadi si yangu, ni ya jirani, mimi sina mimba yoyote. Gurnam akasikitika, akasema basi hawezi kuipokea, kadi ya mtu haitumiwi na mwengine. Nikaacha kila kitu juu ya meza yake nikatoka nalia. Sikulilia mbaazi, mama. Nilimkana mwanangu mbele za watu, naye wakati huo huo anacheza tumboni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Zainab alinifuata kituo cha basi na mfuko: makopo yote manne, na ndimu juu yake. Hakunihoji. Aliniambia kadi kama yangu ilimsaidia kumlea Aida wake mpaka akatimiza miaka minne, na kwamba mimba haitangazwi, kweli, lakini haikanwi. Akasema nimwandikie mama yangu, maana mama si watu.

Jumatatu nilirudi kwa Gurnam, nikamwambia kadi ni yangu mimi, na mtoto ni wa Oktoba, insha'Allah. Akapiga makofi na kunitilia embe mbili za bure. Mkunga naye anasema tumekwenda vizuri, hatujawahi kufika mbali hivi.

Mbaazi nimezipika kwa nazi. Suhail anasema zimefikia zako, lakini Suhail ana adabu.

Nisamehe, mama, kwa kukuweka kwenye hesabu ya watu. Niombee dua, na unisalimie wote, bila ya kuwaambia neno. Picha iliyomo kwenye bahasha ni nzima, kuanzia utosi mpaka viatu. Itazame katikati.

Wasalaam,
Wanao,
Mize na aliyemo