Mgeni wa Mama

Bukiriro, Ngara
12 Juni 2003

Mdogo wangu Frednand,

Barua yako nimeielewa kuliko ulivyotarajia. Huko maabara mnapandikiza kinasaba cha binadamu kwenye bakteria, nao wanawatengenezea kimeng'enya kilekile kilichomo ubongoni mwetu, mpate kuuchunguza ugonjwa wa kusahau. Kwani mimi sipiki pombe? Najua mtama kidogo unavyochachusha mtumbwi mzima wa juisi ya ndizi.

Mahindi yamekubali mwaka huu. Wakimbizi wa Burundi bado wapo kambini, na mama bado anawalisha wanaopita hapa nyumbani. Sheria yake unaijua: mgeni haulizwi jina kabla hajala.

Jana nilirudi kutoka shambani, nikaketi jikoni. Mama akanipakulia maharage, akanitazama kwa huruma, akasema, "Kula kwanza, mgeni wangu. Jina lako utaniambia ukishiba."

Usilie huko. Dawa itapatikana, sina shaka nayo. Wewe tangu utotoni hujawahi kuacha kazi nusu. Ila fanya haraka, Frednand. Mimi huku nakula polepole.

Dada yako,
Speciosa