Aliyeitika Ndani ya Gari

Kasongo, tarehe 5 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Naomba karatasi hii ikukute umeketi nje unachambua mchele, si umelala kwa maumivu ya mgongo kama mwaka jana. Mimi mwili ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa vumbi kimetulia tangu mvua ianze. Wasalimie wote hapo Kalima, na mjomba Emile umwambie viatu alivyonipa bado vinanifaa. Rachelle, mdogo wangu, kwa kuwa wewe ndiye unayesoma, msomee mama polepole na usiruke neno, hata pale utakapoona aibu kwa ajili yangu. Kama kuna wageni, ngojeni waondoke.

Mtauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani kwetu husikilizwa na uwanja mzima, kila mara mnaweka sauti juu ili jirani naye asalimie. Jambo nililo nalo siwezi kulisema mbele ya uwanja mzima.

Bado niko na Djamali, yule shofere wa Landkruza inayotoka hapa Kasongo kwenda Kabambare. Napakia magunia, nafunga kamba, nachimbua magurudumu kwenye matope, nasukuma, kisha tukifika nashusha yale yale niliyoyapakia. Ni kazi ya kuchosha na mimi si kijana tena, lakini Djamali si mtu wa matusi, na mahali anapokula yeye ndipo ninapokula mimi.

Mwezi wa sita tulinusurika. Alikuwa ameshika simu sikioni, anaendesha kwa mkono mmoja, gurudumu la mbele likatoka kwenye gogo la daraja tukabaki tunaning'inia juu ya maji. Mama yake, Bibi Soraya, aliposikia alimwapisha asishike tena simu akiwa kwenye usukani. Shida ni kwamba aliyekuwa akimpigia kuliko watu wote ni yeye Bibi Soraya. Basi Djamali akanunua redio ya gari, ile ambayo simu inaongelea ndani yake, mikono ikabaki kwenye usukani. Mwenye duka hakujua kuifungamanisha na simu. Mimi nilijua, kwa sababu Kindu nilipokuwa naosha magari niliona wanavyofanya. Nikafungua Bluetooth kwenye simu yake, nikangoja jina la redio litokee, nikakubali, nikaandika sifuri nne. Nikaiweka pia iitike yenyewe baada ya kulia mara mbili, ili asinyooshe hata kidole. Redio ikasema kwa sauti ya mwanamke wa kigeni kwamba imeunganika. Djamali akasema sasa ana wake wawili, na huyu wa pili angalau hataomba kitenge. Watu wakacheka, nami nikajiona fundi.

Tangu siku ile Bibi Soraya alisafiri nasi. Tukifika penye rezo, mahali simu inaposhika mtandao, sauti yake inajaa gari. Anamsalimia mwanawe, anauliza gari iko namna gani, kisha anatusalimia sisi, na akina mama walioketi juu ya magunia wanamwitikia kwa kelele. Mimi aliniita Mulega wangu, kwa kabila letu. Aliniagiza nimfinye Djamali sikio akianza kusinzia.

Mwisho wa mwezi wa tisa homa ilimshika Bibi Soraya. Siku ya Jumatano, tukiwa tumekwisha pakia, alimwomba Djamali asiende wiki ile. Djamali akasema watu wako juu ya gari tangu alfajiri, atawaambia nini. Mama yake akageukia ukutani. Djamali akaaga mara mbili, mama hakujibu. Nilikuwa mlangoni, niliona. Tukaondoka kwenda Kabambare.

Jumamosi asubuhi, tukijiandaa kurudi, simu yangu ikalia. Alikuwa Dada Faridah, dada yake Djamali. Alikuwa analia, na nyuma yake nikasikia wanawake wengi wanalia. Alisema nimlete Djamali, tusisimame popote, na rezo ikakatika. Nikapiga tena, haikupita.

Mama, unajua tunavyofanya. Mtu aliye njiani hapewi habari ya msiba. Anapewa akifika, akiisha kuketi, watu wakiwa karibu wa kumshika. Sembuse shofere mwenye watu kumi na wanne juu ya magunia na madaraja ya magogo mbele yake. Nikamwambia mama mmoja abiria wetu wa siku zote, Victorine, muuza mawese. Alifunga macho, kisha akaniachia kiti chake cha mbele na kuniambia nichunge ile redio kama moto, kwa sababu mtu yeyote wa Kasongo akipiga kutoa pole, pole hiyo itamwangukia Djamali kichwani akiwa kwenye mteremko.

Basi nikabonyeza kwenye redio nikaitenganisha na simu. Simu yenyewe ya Djamali nikaizima sauti nikaitia mfukoni mwangu, nikamwambia Djamali kwamba haina moto, betri imekwisha, na redio waya umelegea. Alinitazama, akauliza kama fundi wa Kindu alifundishwa kufunga tu, kufungua atafundishwa mwaka gani.

Tulipopanda karibu na Lusangi, penye rezo, simu ikaanza kutetemeka kwenye paja langu. Ikanyamaza, ikaanza tena. Nikakohoa ili asisikie. Djamali alisema anataka kumpigia mama yake, kwa sababu ya ile Jumatano, nimpe simu hivyo hivyo hata kama imebaki na moto kidogo. Nikasema imezimika kabisa. Victorine akapiga kelele kutoka nyuma kwamba atazame njia, mama yake hatakimbia. Simu ilitetemeka mpaka tukaanza kushuka.

Mbele kidogo tulikuta daraja limechukuliwa na maji, tukakaa pale zaidi ya saa nzima wanaume wakirudisha magogo. Baada ya hapo hapakuwa na rezo tena. Tuliingia Kasongo watu wakitoka kuswali magharibi, na uwanja wa nyumba yao ulikuwa umejaa. Djamali hakuzima gari. Alishuka akaacha mlango wazi.

Bibi Soraya alikuwa amefariki alasiri ile.

Ndiyo, mama. Alasiri, si asubuhi. Asubuhi alizimia, wanawake wakadhani ameondoka, ndicho kilio nilichosikia. Halafu alifungua macho akauliza mtoto wake yuko wapi. Simu yangu ilikwisha moto mapema, basi Faridah alipiga ya Djamali mchana kutwa, kila baada ya muda kidogo. Watu wote waliilaumu rezo, na mimi nikakaa kati yao nikisikiliza wanavyoilaumu. Victorine aliwaeleza tulivyomficha Djamali kwa wema, kwamba ni mimi, Octave, niliyewafikisha salama. Wazee wa msikiti wakanipa mkono. Nililetewa sahani ya wali na nyama, nikaila.

Lakini kuna neno moja lililobaki katikati ya nyumba ile. Faridah anasema kwamba mara moja simu ilipita. Alimwekea mama yake sikioni, mama akamwashiria atoke, naye akatoka. Aliporudi, Bibi Soraya alikuwa ameilaza simu kifuani. Alisema amekwisha kumwambia Djamali, na Djamali ameitika. Baada ya hapo hakuongea tena. Djamali anaapa kwamba hakuitika mtu, hakuna aliyemwambia kitu. Wengine wanasema ilikuwa homa, mama aliongea na simu tupu.

Toka siku ile Djamali hajaendesha. Gari liko uani, kuku wanalala chini yake. Kwa Waislamu wa hapa, mama kuondoka bila kumpa mtoto radhi yake ni mzigo usiotuliwa na mtu, na Djamali anaamini mama yake amekufa akiwa amegeukia ukuta. Anamuuliza kila mtu aliyekuwa kwenye safari ile kama alisikia simu ikilia. Ameniuliza mimi mara tatu. Mara tatu nimesema sikusikia.

Rachelle, hapa soma polepole.

Pale darajani Djamali aliingia majini na wanaume. Aliniacha mimi kwenye usukani, akaniambia akiinua mkono niwashe gari. Akainua mkono, nikageuza ufunguo. Nilikuwa nimeitenganisha redio na simu, lakini sikuwa nimeifuta simu ndani yake, na redio ile ikizimika na kuwaka tena huitafuta simu yenyewe. Ndivyo nilivyoiweka kwa mkono wangu. Mwanamke wa kigeni akasema imeunganika. Ikalia mara moja, ikalia mara mbili, ikaitika. Sauti ya Bibi Soraya ikajaa gari.

Alikuwa hai, mama. Alikuwa anamwita mwanawe. Djamali alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, maji yakimfika kiunoni, amenipa mgongo. Ningefungua mlango na kumwita, angefika kabla mama yake hajamaliza. Badala yake nikapunguza sauti. Nilifikiria kwamba nimedanganya tangu asubuhi, kwamba watu wote watajua simu ilikuwa mfukoni mwangu ikilia mimi nikinyamaza. Ndicho nilichofikiria. Sikumfikiria yule mama.

Nikaweka sikio kwenye redio. Alisema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Djamali, mutoto wangu, ni mimi. Ile ya Jumatano ilikuwa hasira ya homa, usiiweke moyoni. Nimekupa radhi yangu, ya kukuzaa na ya kukunyonyesha, hakuna niliyobakiza. Usikimbize gari ya watu kwa sababu yangu. Umesikia?"

Akangoja. Nilisikia anavyohema. Akauliza tena kama nimesikia.

Nikasema, "Nimesikia, mama."

Akasema vizuri. Nikakata, nikafuta alama ya simu ile, nikaendelea kukanyaga mafuta kama nilivyoagizwa. Djamali aliporudi na nguo zinachuruzika nilimpa kitambaa ajifute.

Kesho ni arobaini. Nimekuandikia leo ili nikiisha kulisema kwenye karatasi mdomo nao usinikatae.

Jumapili, tarehe 10

Niliacha hapo. Nimemwambia.

Baada ya dua, watu wakila, nilimwomba tuketi ndani ya gari, kwa sababu uani hapakuwa na nafasi. Nilimwambia yote, na la kuitika nikalisema mwisho. Sikumtazama usoni. Nilingoja kofi, na lingekuwa halali yake. Hakunipiga. Aliniambia nirudie alivyosema mama. Nikarudia. Akauliza sauti ilikuwa na nguvu au ilikuwa dhaifu, nikamwambia ilikuwa dhaifu lakini haikutetemeka. Akauliza kama lile neno la kunyonyesha alilitaja kabla au baada ya kusema hakubakiza. Nikarudia tena toka mwanzo. Mara ya nne alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani.

Kisha akasema nisiguse tena gari lake, wala nisikae tena kwenye sahani yake. Nikasema nimeelewa, nitaondoka Jumatatu nirudi kwetu. Akasema hapana. Akasema sitatoka Kasongo. Sauti ya mwisho ya mama yake iko kwangu, haiko mahali pengine duniani, na yeye bado hajaisikia vya kutosha.

Kwa hiyo nimepata kibarua cha kubeba mbao kwa mtu mwingine. Kila siku baada ya swala ya alasiri naenda kwake. Hanisalimii. Naketi kwenye ngazi, nayasema yale maneno toka "Djamali, mutoto wangu" mpaka "Umesikia," na hapo nanyamaza, na yeye ndiye anayeitika. Halafu naondoka. Jana Faridah naye alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza na kurudi ndani bila kunitazama.

Nilikuahidi Noeli nitakuwa nyumbani. Sitakuja, mama. Usinione nimekusahau, na usimwambie baba kwamba nimefukuzwa, kwa sababu sijafukuzwa. Nitakuja siku Djamali atakaponiambia inatosha.

Mtu anayeileta barua hii ni mtu mwema, mpeni maji na kiti. Kama unataka kuniambia neno, usinipigie. Mwambie Rachelle aandike, hata kama ni neno la hasira. Nakubusu mikono. Mungu akulaze vizuri na kukuamsha vizuri.

Mimi mtoto wako,

Octave