Koma Asiyepewa Tembo

Mama yangu,

Nakusalimu kutoka Junju, kwenye boma la marehemu mume wangu. Anayeshika kalamu ni Dama, mtoto wa mwanangu Kahindi, maana mimi shule niliipita kwa nje tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ukikuta neno kali, ni langu.

Nakukumbuka zaidi asubuhi. Nakuona umeketi kwenye mkeka kule Mambrui, umenibana kichwa baina ya magoti, mafuta ya nazi yananitiririka shingoni nawe unanisuka. Nikilia unasema, "Nyamaza, uzuri una udhia." Na nakuona ukipepeta mtama. Punje ikianguka mchangani, uliifuata. Moja, Mama! Uliinama, ukaiokota, ukaipuliza, ukairudisha kwenye ungo. Siku niliyomwaga kikombe kizima ulinichapa mpaka mdogo wangu Rukia akalia kwa niaba yangu. Nilikuona mchoyo. Nakwambia kweli, miaka yote hii nimekuita mchoyo moyoni mwangu.

Kisha akaja Karisa, Mgiriama, mkwezi wa kutuangulia nazi. Unajua yaliyofuata. Alipotuma wazee wake kuniposa, uliwafungia mlango. Ukaniambia, "Binti yangu hatakwenda kulala kwenye nyasi kwa Wanyika." Lile neno la kuwatukana Wagiriama ulilitema kama mbegu ya ndimu. Mimi nikaenda. Nikakaa naye miaka arobaini na mitatu, nikamzalia watoto watano, kisha nikamzika. Wanangu niliwaambia mimi ni Mgiriama wa Marafa na sina ndugu. Uongo huo niliulea kama mtoto wa sita.

Habari ya kifo chako ilinifikia umeshazikwa, nami kaburini sikuthubutu kuja. Nikafanya jambo ambalo ungelijua ungenifuata na mwiko. Nilikusimamishia koma. Ndiyo, kile kijiti Wagiriama wanachowachimbia wafu wao, wakakivika kitambaa, wakakipa chakula na tembo la mnazi, wakamwita mtu wao kwa jina. Wewe wa swala tano, nimekuchimbia kijiti nyuma ya banda la kuku, kando ya baba na mama wa Karisa! Lakini nilitaka mahali pa kukaa nawe, na sikuwa na pengine.

Nilidhani hakuna atakayejua. Kumbe nina mjukuu mwenye macho ya mwewe. (Anacheka. Andika na hilo, Dama.) Likizo iliyopita tuliwapa wazee wa vijiti chakula kabla ya kupanda. Nilipomaliza, akaniuliza, "Hawe, huyu wa tatu ni nani?" Hawe ndiyo bibi kwa Kigiriama.

"Ni mzee wetu."

"Mzee hana jina?"

"Wewe umekuja kunisaidia au kunihoji?"

"Wale wawili unawapa tembo," akasema. "Huyu unampa maji. Kila mwaka maji. Na ukifika kwake unajifunika kichwa." "Hawe, huyu alikuwa Mwislamu."

Mama, nilikaa palepale na kuku. Karisa aliyajua akayafunika mpaka kaburini, wanangu watano hawakuona kitu, nami nimekamatwa na msichana wa kidato cha nne kwa ajili ya kibuyu cha maji! Nikamweleza yote. Nilidhani atanicheka. Akaniuliza tu, "Sasa jina lako hasa ni nani?" Nikamwambia, Mwanaidi. Nilipolitamka lilikuwa kama la mtu mwingine.

Hakutulia. Aliniomba ruhusa na nauli, akaenda Mambrui kumtafuta Rukia. Akarudi siku ya tatu. "Bibi Rukia ana pua yako," akaniambia, "na mdomo wako. Amenitukana kwanza, kisha akanipikia." Halafu akaketi, akanishika mkono, nikajua lipo jingine.

Akaniambia hukuzaliwa Mambrui. Ulizaliwa Mgiriama huko ndani, ukaitwa Mbodze. Mwaka wa njaa baba yako alikushika mkono mkatembea mpaka pwani, akakuacha kwenye nyumba ya watu wa Mambrui kwa vikapu vya mtama, uwe rehani mpaka avune. Akakwambia, "Nitarudi kukuchukua." Hakurudi. Wakakulea, wakakusilimisha, wakakupa jina, ukawa mtu wao. Haya ulimwambia Rukia peke yake, karibu na kufa kwako.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilitoka uani nikasimama mbele ya kile kijiti nikakugombeza kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nilikwambia, ulinitukania watu wako mwenyewe! Ulinifungia mlango wa kwa babu yangu! Miaka yote hii mimi najifanya Mgiriama, kumbe ni Mgiriama kweli! Na wewe uliyejua, ukanyamaza.

Hasira ikashuka. Nikaikumbuka ile punje mchangani.

Dama ameniuliza kama tukitoe kijiti. Nimemwambia kikae, wewe na wakwe zangu mmalizane wenyewe.

Nilimuuliza pia kama uliniachia radhi. Mtoto huyu hajui kudanganya. Akasema Rukia alimwambia kwamba tangu nilipoondoka hukulitaja jina langu, hata siku ya mwisho. Miaka yote hii nilikuwa naisubiri radhi hiyo, Mama, nikidhani uliinyima kwa sababu ya Karisa. Kwa Karisa sikuombi msamaha. Alikuwa mume, na ungemjua ungempenda, alikuwa mtu wa kuchekesha.

Lakini ile asubuhi niliyoondoka, ulikuwa jikoni ukaniuliza naenda wapi. Nilikuwa na ndoo mkononi. Nikakwambia, "Naenda kisimani, narudi sasa hivi." Sikujua nasema na nani. Sikujua kuna mtu alishakwambia neno lile akiwa amekushika mkono, ukakaa ukimngoja. Mimi nikawa wa pili. Kwa hilo nakuomba unisamehe, na kama huwezi, nimekuelewa.

Ijumaa Dama atanileta. Rukia amesema anajua kaburi lilipo na kwamba nisimletee machozi, nimletee korosho. Goti moja halikunjiki, kwa hiyo nitakaa chini palepale ulipolala na kuinuka ni shauri lao. Nimechelewa kisimani, Mama. Lakini narudi.

Mwanao wa kwanza,
Mwanaidi