Nguo Zilizobaki Ukingoni

Basel, Jumatano

Dada yangu Seraina,

Nakusalimu wewe na baba, na natumai mgongo wake umetulia tangu mmalize kukata nyasi. Mimi sijambo, isipokuwa pua iliyobabuka kwa jua. Shangazi Annatina mzima pia, na bado anaongea na mkate mdomoni.

Ulinituma niutazame mji kabla sijaijibu nafasi ya chuo, nami nilikuja nikiomba niuchukie. Si uliniambia unanuka na watu wake hawana salamu? Ningeuchukia, ningerudi tukamue ng'ombe pamoja, nawe usingebaki peke yako na baba.

Jana mchana shangazi alinipeleka mtoni. Watu hapa wakitoka kazini huvua nguo, huzitia kwenye mfuko usioingiza maji, kisha huelea nao kwenye Rhine hadi karibu na nyumbani. Makarani, mahakimu, mama wa duka la dawa, wote. Mimi nilizikunja zangu vizuri juu ya jiwe, kama tufanyavyo ziwani kwetu, nikaingia. Mto ukanipitisha chini ya daraja la zamani, na nilipotoka majini nguo zilikuwa mbali nyuma. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

“Nyie watu wa milimani,” akasema, “mnadhani na mto utageuka uwarudishe?”

Nikarudi kwa miguu na vazi la kuogelea tu, nikichuruzika maji mbele ya mikahawa. Hakuna aliyenishangaa. Kwetu ningekuwa habari ya wiki nzima. Mzee mmoja alisogeza kiti nipite, akanisalimu. Hapo nikajua nimeupenda mji huu, na nikakasirika.

Nilipomweleza shangazi hayo, aliacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na mfuko mwekundu wenye umbo la samaki, akasema ni wako. Kiangazi kile ulichokuja kuanza chuo ulikuwa ukielea kila siku, na mara ya kwanza hata wewe uliacha nguo ukingoni. Mama alipofariki ukaacha chuo uje kutulea, ulilia stesheni ukamwambia shangazi utatudanganya kwamba mji ni mbaya, nisije nikakua nikijiona mzigo.

Nimekukasirikia, dada, na nakupenda, vyote kwa pamoja.

Sasa nikiri. Nafasi nimeikubali. Tena jana jioni nilimpigia baba simu, nikamweleza habari yako yote bila ruhusa yako. Akasema ng'ombe wanaweza kukaa kwa jirani Curdin majira ya baridi, na akauliza kama bado unajua kuogelea. Nikamwambia akuulize mwenyewe, ila angoje barua hii ifike. Basi akikuuliza mkiwa zizini, usimjibu tena kwamba mji unanuka.

Shangazi anakusalimu. Msalimie Curdin, na yule ndama anayekula kamba. Mfuko wako nimeujaza maji kuujaribu. Hauvuji.

Mdogo wako,
Ladina