Kuzima Taa ya Injini

Kilindoni, Jumatano usiku

Kuzima taa si kutengeneza gari. Nimemwambia hivyo Shebe, fundi wangu, na bado nina hasira.

Asubuhi alinirudishia gari akisema limepona. Nikaenda Utende kumchukua mdogo wangu Mwanahawa, ambaye ujauzito wake umetimia, aje kukaa kwangu karibu na hospitali. Wakati wa kurudi injini ikaanza kutetemeka, gari likaishiwa nguvu, taa ikawaka tena.

"Kaka, nikizalia hapa mtoto nitamwita Gereji," akasema huku ameshika tumbo.

Tulijikokota hadi kwa Shebe. Kumbe alikuwa amefuta tu kosa kwenye mashine ya kupimia. Koili, zinazopeleka umeme kwenye plagi, hakugusa hata moja.

"Mzee, ulitaka taa izime, ikazima," akajitetea.

Nikamsimamia akahamisha koili ya silinda ya pili, iliyokuwa ikionyesha kosa, kwenda ya tatu. Mashine ikaonyesha hitilafu nayo imehamia ya tatu. Basi, koili hiyo ndiyo mbovu. Hakuna kingine cha kubahatisha.

Nikamuuliza kama angempakia mkewe gari lile. Alifungua koili ya gari lake, la aina hiyohiyo, akanifungia.

Sasa injini imetulia. Hata hivyo nimemwomba jirani mwenye bajaji asizime simu usiku huu.